Ng'ombe Waliosubiri Wimbo

Tangu ujanani, Jaldesa alishinda ndani ya kisima kirefu cha wafugaji Waborana, akipokezana ndoo na wenzake huku akiimba. Ng'ombe wake walishuka kunywa waliposikia sauti yake, wala si ya mtu mwingine.

Leo maji safi yanatoka bombani, hori limejaa pomoni, nao ng'ombe wamesimama mbali vumbini, masikio juu, kama walio ndotoni.

Jaldesa akainama kando ya bomba, akaanza kuimba taratibu.

Mkewe, Qabale, akaangua kicheko. “Wee mzee! Sasa bomba nalo linataka kubembelezwa?”

“Kwani naliimbia bomba?”

Ng'ombe wakaja polepole, wakainamisha vichwa, wakanywa. Kisha Qabale, kwa sauti ndogo, akauitikia wimbo.