Riziki, Rafiki Aliyeninyima Password

Leo siku ya tano, na moyo wangu bado unakataa.

Jumamosi asubuhi nilipigiwa simu. Alasiri Riziki akazikwa kwao Kengeja. Jumatatu nikafungua chumba cha kompyuta kwa mkono wangu, na mlango ule miaka yote alikuwa akiufungua yeye.

Kwa msiomjua: Riziki alikuwa msimamizi wa kompyuta wa kituo chetu cha afya, huku kusini ya Pemba. Kadi za wajawazito, chanjo za watoto, zote alizilinda yeye.

Tulianza kazi wiki moja, wote makarani. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja kuukuu ya DOS. Ukiiwasha unapata kioo cheusi na kialama kinachomemeta, basi. Hakuna picha, hakuna mouse. Sote tuliiogopa. Riziki akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Haiumi, Mize," akaniambia. "Inangoja tu uiambie neno."

Ikaja Windows, tukajifunza kubofya. Baadaye tukaletewa seva ya Linux, na kile kioo cheusi kikarudi. Wenzetu wakanung'unika. Riziki alifurahi kama mtu aliyetembelewa na jamaa yake wa zamani, na usimamizi wa seva akakabidhiwa yeye.

Alipenda kujua mambo yalikotoka. Mchana tukila mihogo ya nazi alikuwa akinisimulia: zamani kompyuta moja ilijaza chumba kizima, watu wakipanga foleni na kadi zao za matundu zilizobeba amri. Kisha wakatokea waliotaka watu wengi waitumie mashine moja kwa wakati mmoja, na katika fikra hizo ikazaliwa Unix, ambayo Linux imefuata nyayo zake.

"Ndipo ikabidi kila ntu awe na jina lake na mipaka yake," akasema. "Bila hivyo, mmoja akikosea wanaumia wote."

Nilimsikiliza, lakini sikumwelewa.

Maana mwaka ule ule wa seva nilimwomba password ya msimamizi. Nilijiona nimeshaiva. Tena mie ni shoga yake, nani mwengine angempa?

Akakataa.

"Haki ya kazi yako unayo. Kazi ikikua, na haki itakua."

"Kwa hiyo huniamini?"

"Nakuamini, Mize. Lakini sikupi."

Nilimnunia miezi mitatu. Nikawa nakula mihogo yangu peke yangu barazani. Yeye kila asubuhi ananisalimia kwa jina, mie najibu huku nimeinamia kibodi.

Halafu siku moja nilitaka kupunguza faili zangu za zamani. Nikaandika amri ya kufuta, na sikutazama niko folda gani. Kioo kikajaa mstari juu ya mstari: Permission denied. Permission denied. Nilikuwa nimeiamuru mashine ifute kila kitu, hata kadi za wagonjwa. Ikawa inakataa, kwa kuwa akaunti yangu haikuwa na ruhusa. Kilichopotea ni ripoti zangu tu.

Nikaenda mezani kwake nikamwambia ukweli wote.

Hakucheka wala hakunikumbusha lolote. Alichomeka diski ya backup, ile ya nakala za akiba, akazirudisha ripoti zangu moja moja mpaka ya jana yake. Kisha, bila kunitazama, akasema:

"Mie nilishafuta, mwaka ule wa kwanza. Kadi za wiki nzima, na backup sina. Nikakaa siku nne naziandika upya kutoka kwenye daftari za wakunga. Nikilia najifungia chooni. Sikutaka na weye yakufike."

Mchana ule tulikula sahani moja.

Tangu hapo akanifundisha kwelikweli. Kuangalia nafasi ya diski kabla haijajaa. Kusoma log, yale mashine inayoyaandika yenyewe, badala ya kubahatisha. Kila mwezi alinichagulia faili moja niirudishe kutoka kwenye backup na kuifungua mbele yake, ajue kama kweli inafunguka.

Kisha akaugua, na maradhi yalipomzidi aliniita mezani kwake akaipa akaunti yangu haki zote za usimamizi.

"Yangu sikupi," akasema. "Hii yako, kwa jina lako."

Nikaanza kumshukuru. Akanipiga kofi dogo la bega, akaendelea na kazi.

Akaunti ya aliyeondoka hufungwa siku ile ile. Yeye ndiye aliyenifundisha. Mie nimechukua siku tatu. Jumatatu nilishindwa, jana nikashindwa, leo asubuhi nimeifunga. Sikuifuta. Ukimfuta mtumiaji, faili zake hubaki na namba tu pahala pa jina la mwenyewe. Za Riziki ni maelfu, na zote bado zina jina lake.

Leo mchana alikuja dirishani mama mmoja wa Chokocho, anataka nakala ya kadi ya chanjo. Mwanawe, aliyemshika mkono, anaanza skuli.

"Bi, yuko wapi yule mwenzio wa miwani?" akaniuliza. "Nilipomleta huyu kuandikishwa alikuwa hajapata jina. Mwenzio akaniambia, basi nakuwekea nafasi, ukimpa jina rudi. Baada ya akika nikarudi, akaliandika nikiona kwa macho yangu."

Nikamwambia.

Akaiweka kadi niliyompa kwenye ukingo wa dirisha, akainua mikono, akamwombea dua pale pale, na foleni yote nyuma yake ikaitikia amin.

Nami nikaitikia, Riziki, nikiwa nimekaa kwenye kiti chako. Ningependa ungeisikia dua ile. Nina hamu nawe, shoga yangu. Natamani hata kule kunikatalia kwako.

Mola akusamehe, aitie nuru nyumba yako mpya. Lala unono.