Mkono wa Dresa

Siku hizi daktari hukuandikia dawa kabla hujakaa vizuri. Dresa, yaani mfunga vidonda, wa zahanati ya Nunguni, miaka ile ya nzige, alikuwa akipiga goti, akiuweka mguu wa mgonjwa pajani pake na kuosha usaha polepole, huku akipuliza kidonda kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Kisha alinawa mpaka viwikoni. Hata hivyo, sokoni hakuna aliyempa mkono, wala aliyemkaribisha kwenye kibuyu chake cha pombe. "Huyo hana ndugu ila kidonda ndugu!" wanaume walimtania, naye alicheka nao, mikono mfukoni. Kitu kimoja tu kilimtia ukali: mtu kutema mate. "Mate yana ugonjwa!" alifoka, na wagonjwa waliyameza.

Asubuhi moja bibi kizee Syombua, aliyekuwa ameuguza mguu miezi mitano mikononi mwake, aliingia bila fimbo.

"Wakya, mwaitu," dresa alimwamkia kwa Kikamba, akimwita mama. "Umepona, unataka nini tena?"

"Lete mkono, mwanangu."

Alisita, kisha akautoa wa kulia. Bibi akaushika kwa mikono yake miwili, akatema mate kiganjani, kama wazee wetu walivyombariki mtoto wa kumzaa. Wagonjwa kwenye benchi wakangoja afoke. Beseni la maji lilikuwa pale pale miguuni pake. Dresa akafumba kiganja, akamwita aliyefuata, akapiga goti na kuanza kumwosha kidonda kwa mkono wa kushoto peke yake.