Nilivyomzika Beki wa Kijerumani

Nichekeni tu, maana Rwamgasa nzima imeshanicheka tangu Jumapili.

Mimi ndiye mtangazaji wa mechi za wachimbaji wa dhahabu hapa kijijini. Hapa kwetu picha ya yule beki wa Kijerumani aliyestaafu imebandikwa katika kila saluni ya kinyozi. Hakuwa na mbio wala chenga, ila alikuwa hachoki, na mchimbaji humheshimu mtu asiyechoka.

Jumapili asubuhi nikaiona picha yake kwenye simu, nyeusi na nyeupe, chini yake mwaka wa kuanzia na mwaka wa kuishia, kistari katikati. Kwetu picha ya namna hiyo ni ya marehemu tu. Nikatoa mwaka wa kwanza kwenye wa pili, nikapata kumi na minne. Nikachanganyikiwa: mtu mwenye ndevu vile amekufaje na miaka kumi na minne? Nikajijibu kwamba labda Wazungu hukomaa haraka.

Kabla ya mechi nikatangaza msiba na kuomba dakika moja ya ukimya. Watu wakavua kofia. Mzee Masanja akatokwa na machozi. Hata karasha la kusaga mawe pale jirani likazimwa.

Ndipo Mama Kulwa, muuza chai, akanisogelea na simu yake.

“Baba Mabula, pole na msiba. Lakini hiyo ni miaka aliyochezea timu ya taifa. Marehemu wako huyu hapa, yuko mubashara, anachambua mechi, tena anacheka.”

Hakupaza sauti hata kidogo. Lakini uwanja nilikuwa nimeunyamazisha mwenyewe, kwa hiyo kila mtu alimsikia.