Bi Kengele na Mbuzi Aliyepanda Treni

Enzi zake za kufua mashuka hospitalini, Bi Kengele alikuwa akimwita mwenzake amletee sabuni, wagonjwa wa wodi tatu wanaketi vitandani wakidhani daktari mkuu amefika. Mmoja wao, ambaye ndugu walishamkatia tamaa, alisikia sauti ile akavaa viatu akaenda zake nyumbani. Anayebisha akamuulize, yu hai mpaka leo na ameoa mara ya pili.

Mwili ulipostaafu, mdomo ulikataa. Ndipo mkutubi wa maktaba ya mtaani alipomwomba wafuatane kila Jumatano kwenye gereza la wanawake. Kazi yenyewe ilikuwa ya kujitolea: mama aliyefungwa anaketi kwenye chumba cha cherehani, anapewa kitabu cha watoto, anasoma mbele ya kinasa sauti. Kila ukurasa ukiisha, Bi Kengele anagonga kikengele ili mtoto kule nyumbani ajue kufunua. Jina lake alilipata hapo. Kisha kitabu na sauti vinapelekwa kwa mtoto. Mkutubi alifuatilia maneno. Bi Kengele aligonga mkutubi alipomkonyeza. Maana darasani Bi Kengele aliwahi kuingia, ndiyo, lakini kwa kudeki tu. Siri hiyo aliificha nyuma ya miwani aliyoipendea fremu yake.

Jumatano moja mkutubi aliamka na jino, shavu limeumuka hata jicho halionekani. Bi Kengele akasema hakuna shida, ataenda peke yake.

Zamu ilikuwa ya mfungwa mmoja waliyemwita Msusi, kwa kazi aliyoifanya uraiani. Alikuwa amebakiza miaka mitatu. Binti yake wa miaka tisa alilelewa na mama mdogo, na mara mbili alikuwa amekataa kuja siku ya kutembelewa, akisema mama yake amemsahau. Jumamosi ya kutembelewa ilikuwa imebaki wiki moja na ushei. Msusi aliikwepa zamu ya kusoma miezi mizima, akiwapisha wenzake. Sasa hakuwa na kamba nyingine ya kumvutia mtoto.

Bi Kengele alimuuliza kama kusoma anakuweza. Msusi akajibu kwamba anasoma kama anakunywa maji. Naye akauliza kama Bi Kengele atamfuatilia vizuri. Bi Kengele akaipandisha miwani puani, akasema hata nukta haimpiti.

Basi wakaanza, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Msusi aliitazama picha ya mbuzi, akameza mate, kisha maneno yakaja. Mbuzi huyo aliachana na mwanawe kwenye stesheni. Akapanda treni bila tiketi, akagombana na kondakta, akamsuka masharubu mpaka kondakta akalala usingizi mtamu. Bi Kengele aligonga kila Msusi aliposita kuvuta pumzi. Alicheka mpaka kikengele kikajigonga chenyewe. Akajisemea moyoni kwamba watu wanaoandika vitabu wana akili.

Kesho yake alipeleka kitabu na kinasa sauti nyumbani kwa mama mdogo. Binti akaweka kitabu magotini, akasikiliza. Kufika ukurasa wa pili, uso ukamkunjamana. Akazima.

“Hapa pameandikwa mbuzi amepelekwa kuchanjwa,” alisema. “Treni haimo. Hata kunisomea hakutaka, amejisemea tu.” Akakisukuma kitabu kando, akamwambia mama mdogo kwamba Jumamosi haendi kokote.

Bi Kengele akaivua miwani, akaiweka juu ya kitabu. Siri ya Msusi haikuwa yake kuitoa. Yake mwenyewe ilikuwa yake.

“Mjukuu wangu,” alisema, “kengele niliigonga mama yako alipovuta pumzi. Mimi sijui herufi hata moja.”

Binti akamkagua. “Na miwani je?”

“Urembo huo.”

Mtoto hakucheka. Alikaa akiuchezea mkanda wa kinasa sauti. Kisha akasema, taratibu, kwamba zamani kila alipopeleka daftari la shule kwa mama yake, mama alimwambia amsomee yeye, kwa kuwa mikono yake ina mafuta ya nywele. Kila siku mafuta. Hata Jumapili, siku ambayo hakuna mteja.

“Bibi, na mama hajui?”

“Hilo muulize mwenyewe. Mimi si msemaji wake.”

Binti akawasha tena. Safari hii alifunika kitabu, akasikiliza mpaka mwisho.

Jumamosi alikuja, kashika mkono wa mama mdogo, Bi Kengele nyuma yao. Chumba cha wageni kilikuwa na meza ndefu, mabenchi mawili, na askari mwanamke aliyesimama mlangoni na saa yake. Msusi alipomwona mwanawe, maneno aliyoyapanga wiki nzima yakamtoka kichwani. Yakabaki machache.

“Nilikudanganya. Sijui kusoma, mwanangu. Niliona haya.”

“Mimi nilidhani hunitaki,” binti alisema.

 Msusi akanyoosha mkono juu ya meza. Mtoto aliuangalia, kisha akaushika. Akafungua kitabu, akakichukua kidole cha mama yake akakiweka chini ya neno la kwanza. Wakaenda hivyo, silabi kwa silabi, Msusi akikwama na kutokwa jasho kuliko siku ya hukumu. Walikuwa kwenye neno la nne askari alipotangaza muda umekwisha.

Binti akamuuliza askari siku nyingine ni lini. Akaambiwa mwezi ujao. Akamgeukia mama yake.

“Nikija, mstari huu uwe unaujua. Nitakuuliza.”

“Sawa, mwalimu,” alisema Msusi. Askari akakipekua kitabu ukurasa kwa ukurasa, kama sheria inavyotaka, kisha akampa Msusi abaki nacho.