Mikanda ya Kaseti ya Agnella

Agnella ana miaka hamsini na minane, na katika kitongoji chetu ng'ambo ya mto Lumemo hakuna mtu mbishi kama yeye. Nasema hivyo kwa upendo, maana mimi ndiye tabibu wa zahanati, nimebishana naye mara nyingi na sijawahi kushinda. Alizaliwa Mkula, akaolewa huku na mvuvi aliyefariki mapema na kumwachia watoto watatu na ekari mbili za mpunga. Watoto wote kawasomesha kwa hizo ekari mbili.

Kijiji kilipotafuta mtu wa kutunza uwanja wa droni, ndege ndogo isiyo na rubani ya kutuletea dawa, mkutano mzima ulimgeukia. Uwanja wenyewe ni mwinuko katikati ya shamba lake, sehemu pekee isiyozama masika. Droni hiyo hupaa na kutua wima, na ina injini ya petroli inayochaji betri ikiwa angani, ndiyo maana hutoka Ifakara na dawa, kisha ikarudi bila kuhitaji mtu wa huku kuichaji. Agnella alichora duara la chokaa, akawatangazia vita mbuzi wa kitongoji kizima.

Majaribio yote yalifanyika kiangazi. Hakuna aliyefikiria mpunga.

Aprili punje za mpunga zikaanza kujaa maziwa, ndege aina ya kwelea wakaja kuzila, naye akafanya tunavyofanya wote. Alitundika mikanda ya kaseti kutoka mti hadi mti, shamba zima hadi ukingoni mwa duara, ing'ae na kuvuma ndege wakimbie. Aliikusanya kwa miaka mingi, na siku hizi huipati hata kwa kuazima. Mimi nilipita pale kila siku na sikuona kosa. Hilo linaniuma hadi leo.

Alhamisi moja mchana, mto ukiwa umekata barabara, Mashimba, mfugaji wa jirani, alimleta mkewe Dorika kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nyoka aina ya moma alimgonga kifundoni akiokota kuni. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na fizi zinavuja damu. Dawa ya sumu sikuwa nayo, na bila dawa hiyo tungemzika. Nikapiga simu Ifakara, nikamwita Agnella, na baada ya nusu saa, tukiwa shambani pamoja na Mashimba, tukaisikia droni. Ikasimama hewani juu ya shamba, kisha ikapanda tena.

Simu ya Agnella ikalia. Alikuwa Lukelo, kijana anayeiongoza kutoka Ifakara.

"Shikamoo mama. Kamera inaonyesha mikanda kila upande. Ikijiviringisha kwenye mapangaboi, droni inaanguka na dawa yote. Siwezi kuishusha."

"Una mafuta ya kuzunguka muda gani?"

"Dakika kumi na tano. Zaidi ya hapo nairudisha."

Nilimtazama Agnella. Mwaka jana ng'ombe wa Mashimba waliingia shamba hilo wakala robo ekari, na tangu siku ile hao wawili hawakusalimiana. Alijua pia kwamba bila mikanda kwelea humaliza shamba kwa siku mbili. Akachomoa kisu, akaingia kwenye maji hadi magotini.

"Mashimba, unasubiri nini? Anzia upande wa mfereji."

Tukakata watu watatu. Mikanda ya miaka yote ikawa fundo moja jeusi mikononi mwake, naye alilia huku anakata, wala hakupunguza mwendo. Dakika ya kumi na tatu akampigia Lukelo.

"Shusha."

Droni ikashuka katikati ya duara. Nikamchoma Dorika dawa, na kufikia jioni fizi zake zilikuwa zimeacha kuvuja damu.

Kesho yake alfajiri nilimsindikiza Agnella shambani, maana sikutaka aone hasara hiyo peke yake. Kabla hatujafika tukasikia debe linapigwa. Mashimba alikuwa ndani ya maji na debe mkononi, wadogo zake wawili wako upande wa mfereji na teo, na kundi la kwelea linageuza njia.

"Shikamoo mama," alisema.



"Marahaba. Ng'ombe wako na nani?"

"Wako zizini. Watakula majani ya kukatiwa mpaka uvune."

Agnella akapandisha khanga, akaingia majini, akamnyooshea mkono apewe debe.