Jiwe la Kusagia la Mbugangari

Niliondoka Dodoma kwa sababu ya ubishi. Katika tasnifu yangu nilikuwa nimeandika sura mbili nzima kwamba miamba ya kale ya magharibi mwa Rwanda ilizaliwa mpakani, pale bamba moja la dunia lilipozama chini ya jingine. Kaijage, mwenzangu wa maabara, alishikilia kwamba hapakuwa na mpaka wowote. Bara lilichanika tu katikati, kama shati kuukuu. "Kalete mawe," akasema. "Mdomo haupimwi kwa mashine."

Jioni ya siku ya tatu nilishuka Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani na Congo. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Furaha wa mtaa wa Mbugangari, ambaye kila asubuhi ya kazi huvuka mpaka kwenda Goma kuuza vitunguu. Dada yake ameolewa huko.

Asubuhi, kwa kuwa ilikuwa Jumapili, tulipanda pamoja hadi Mudende, chini ya volkano. Kando ya shamba la viazi niliona mawe meusi, nikajaza mkoba hadi mgongo ukalalamika. Mama Furaha alikuwa anacheka.

"Mwalimu, ile mawe ni ya volcan. Iko mutoto! Ata mi najua."

Nikatoa lenzi. Vitundu vya gesi kila mahali: lava changa kabisa. Mwenye shamba naye akatokea, akanionyesha kwamba nilikuwa nimebomoa ukuta wake wa kuzuia ng'ombe. Nikaujenga upya, jiwe kwa jiwe, ng'ombe wakinitazama.

Mchana, uani kwa Mama Furaha, nilisimama ghafla. Jiwe lake la kusagia lilikuwa zito, jeusi lenye ukijani, bila kitundu hata kimoja. Mkono ukaenda kwenye nyundo wenyewe.

"We! Ile ni ya mama yangu! Alikimbiaka nayo Congo, akarudi nayo. Utavunja kichwa yangu kwanza!"

Nikaificha nyundo mgongoni. Isitoshe, jiwe lililohamishwa halina ushahidi. "Lilitoka wapi, mama?"

"Bon, sawa. Kesho siendi Goma. Nitakupeleka."

Kesho yake tulifuata ziwa kusini, tukapanda kilima juu ya chemchemi za maji moto. Yeye, kwa kandambili, alinitangulia. Kwenye genge, katikati ya mwamba wa kijivu, ulipita mkanda mweusi wenye ukijani, kama jiwe la uani. Mama Furaha akaweka kiganja juu yake. Kisha akaniambia, "Piga."

Nikakata vipande sita.

"Sasa itasema nini?"

Nikamweleza: bamba linapozama, maji yake hupanda na kuyeyusha mwamba wa juu, lakini madini ya niobiamu hubaki chini. Jiwe la mpakani huwa na upungufu wa niobiamu.

"Yewe," akasema. "Kumbe iko na kitambulisho."

Wiki kadhaa baadaye, Dodoma, majibu yalitoka. Niobiamu ilikuwa tele katika vipande vyote sita. Kaijage alisoma karatasi, hakucheka, akanimiminia chai. Hilo liliniuma kuliko kicheko. Nilizifuta sura zangu mbili, na nikajifunza kwamba jiwe halijali umelitembelea kutoka mbali kiasi gani.

Nikampigia Mama Furaha simu.

"Donc, ni kusema zamani, hapa haikukuwaka mupaka?"

"Kwa mawe yale, haukuwapo, mama."

Nilimsikia akiwageukia wenzake waliokuwa wakisubiri foleni ya kuvuka mpaka, akawatangazia habari hiyo kwa sauti kuu, kabla sijawahi kumwambia kwamba utafiti bado unaendelea.