Tulipohamishwa Mashineni

Niliolewa Mashineni, miaka michache baada ya uhuru. Kilikuwa kijiji kidogo upande wa Mgori, kilichoota kuizunguka mashine ya kusaga ya baba mkwe wangu. Ujanani alikwenda manamba Tanga, akakata mkonge miaka mingi, na aliporudi hakununua ng'ombe kama wenzake. Alinunua mashine kuukuu kwa mfanyabiashara wa Singida mjini, akaisimika porini, njia mbili zinapokutana. Walimcheka. Halafu mmoja akajenga tembe karibu naye, mwingine akafungua duka la chumvi na mafuta ya taa, Waislamu wakasimamisha msikiti wa udongo, na sisi Wakristo tukawa tunasali Jumapili ubavuni mwa ghala. Nilipofika mimi, palikuwa hadi na mnada wa mbuzi.

Ng'ambo ya korongo kulikuwa na kijiji kikubwa kuliko chetu. Wao walikuwa na shule na zahanati, sisi tulikuwa na mashine. Watoto wetu walivuka kwenda kusoma, wanawake wao walivuka kuja kusaga uwele. Tulitaniana, na utani wenyewe ulikuwa na miiba. Mama mmoja wa huko, mnene, mwenye sauti kubwa, kila akija alinisema mbele ya watu.

"Nyie wa Mashineni mnajiona! Mkisikia mngurumo huo mnadhani mko Dar es Salaam."

"Kama hutaki, kasage kwa jiwe," nilimjibu siku moja. Tangu hapo hatukusalimiana.

Habari za vijiji vya ujamaa tulizisikia redioni, na tulizipenda. Baba mkwe alikuwa mwanachama wa chama, kadi yake aliifunga kwenye nailoni. Alidhani wenzetu wa ng'ambo ndio wataletwa kwetu. Lakini kiangazi kimoja, mvua zikiwa zinakaribia, viongozi walikuja na mgambo, wakatuita mkutanoni. Tulielezwa kwamba kijiji kitakuwa kimoja, ng'ambo, kwenye shule na zahanati.

Baba mkwe alisimama. "Ndugu mwenyekiti, na mashine?"

"Mashine itafuata watu, mzee."

"Chakula kiko kwenye vihenge. Tupeni muda tuhamishe taratibu."

"Muda umekwisha."

Lori lilikuja kabla hatujamaliza kufunga mizigo. Mgambo walipanda juu ya tembe zetu, wakang'oa miti ya paa, udongo ukaporomokea ndani, juu ya vyungu na vitanda, ili mtu asipate pa kurudi. Mume wangu aliwaomba waache chumba kimoja tu. Walikiporomosha nacho. Nilikaa juu ya magunia na binti yetu wa mwisho mgongoni, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea. Uwele mwingi tuliuacha.

Huko tulionyeshwa viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Tulijenga vibanda vya matawi na nyasi, na mvua ikatukuta humo. Mtoto alianza kukohoa. Zahanati ilikuwa karibu, karibu kuliko nilivyowahi kuishi, nikampeleka, akapewa dawa, nikamrudisha kwenye kibanda kinachovuja. Nikampeleka tena. Alfajiri moja akiwa kifuani mwangu nilihisi amekuwa mzito, nikajua.

Lilikuwa kaburi la kwanza la watu wa Mashineni katika ardhi ile. Sikuwa na nyumba ya kupokelea waombolezaji. Nilikaa chini, kwenye matope, na wa kwanza kuingia alikuwa yule mama mwenye sauti kubwa. Alikuwa na kibuyu cha uji. Hakupaza sauti siku hiyo.

"Inuka, mwanangu. Twende kwangu, huwezi kulilia mtoto kwenye maji."

Msiba ulikaa nyumbani kwake. Alinilaza kitandani pake, yeye akalala sakafuni na wanawe.

Mashine nayo ililetwa, ikashushwa uwanjani, ikingoja banda. Banda halikujengwa. Baba mkwe aliifunika kwa majani, upepo ukayaondoa, akafunika tena, mpaka kutu ikaila. Wanawake wote, wetu na wao, tukarudi kwenye jiwe. Kwenye mikutano tuliitwa kitongoji cha pili. Watoto walioanza shule mwaka ule hawakulijua jina jingine.

Miaka ilipita, amri zikalegea, na watu wakaanza kurudi kwenye mashamba yao ya zamani. Jioni moja mume wangu alisema, "Baba anataka turudi. Nimeshaona pa kujenga."

"Nendeni. Mimi siendi."

"Wewe si ndiye uliyekuwa unalia kila siku kwamba unapachukia hapa?"

"Napachukia. Lakini mwanangu yuko hapa."

Baba mkwe alikuwa mlangoni, alisikia. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba," kwa aibu. Aliitika, akaingia.

"Mwache," alimwambia mwanawe. "Nawe ubaki na mkeo."

Alirudi peke yake. Alijenga kibanda kwenye magofu yetu, akalima kipande kidogo. Nilikuwa namvukia korongo kila Jumamosi kumfulia na kumpikia ugali. Alikula, alinishukuru, aliwaulizia wajukuu mmoja mmoja. Aliishi hivyo mpaka alipofariki, tukamzika hukohuko, na siku zote hizo hakuniuliza hata mara moja ni lini nitahamia.